Mapeasi Tuliyopeleka Kambini

Mimi ni mwoga wa sare. Nalisema mapema ili mtu asije akanisifu mahali nisipostahili. Nimefundisha darasa la nne kwa miaka kumi na tano; nimezozana na wazazi, na maafisa wa elimu, na hata mwinjilisti mmoja aliyetaka kubeba madawati ya shule kwenda kwenye mkutano wake, na kote huko sauti iliyobaki juu ilikuwa yangu. Lakini nikimwona askari amesimama barabarani pale Soni, hata kama nimekaa kiti cha nyuma na sina kosa lolote, naukumbatia mkoba kwa mikono miwili. Nyumbani wananicheka. Baba yangu alikuwa mwanajeshi ujanani, na mdogo wangu wa mwisho, binti aliyezaliwa wakati mimi naingia sekondari, naye ni mwanajeshi. Woga wote wa ukoo niliachiwa mimi.

Mdogo wangu huyo alikuja likizo wakati wa kung'oa karoti. Kwetu, juu kidogo ya Lukozi, karoti haipandi gari ikiwa na udongo. Tunaishusha kijitoni, tunaitia kwenye gunia, mmoja anashika ncha hii na mwingine ile, tunalitikisa ndani ya maji huku na huku mpaka yanayochuruzika yawe safi. Ni kazi ya watu wawili, na mikono ikiwa na kazi ulimi hulegea. Mimi mwenyewe ndipo pale nilipomwambia mama kwamba mchumba niliyemleta kwa mchungaji nilikuwa nimeshamkataa.

"Dada," mdogo wangu aliniambia, "nikikwambia kitu utamwambia mama?"

"Inategemea ni kitu gani."

Aliendelea kutikisa. Alisema mkubwa wake mmoja kambini alimwita ghalani kuchukua mablanketi, akafunga mlango kwa ndani. Alisema alichofanyiwa, kwa maneno machache, kama anatoa taarifa ya zamu, na maneno hayo sitayaandika hapa kwa sababu ni yake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Mara ya pili alikuwa anajua na bado alikwenda, kwa kuwa amri ni amri na mablanketi yalihitajika kweli. Baada ya hapo akaandika barua ya malalamiko. Barua ikapita inakopita, na siku ya tatu akaitwa ofisini, akaikuta mkononi mwa yule yule aliyemshtaki. Mtu huyo alimsomea kwa sauti mwanzo hadi mwisho, akachukua kalamu nyekundu, akasahihisha sentensi mbili, akamrudishia.

"Andika vizuri," alimwambia. "Watu wakubwa watasoma."

Nikamwuliza alifanya nini.

"Nilipiga saluti, nikatoka."

Gunia lilinitoka mkononi. Karoti zikatawanyika na maji, tukazikimbiza wote wawili, tumelowa mpaka kiunoni.

Sajenti mmoja wa kike alikuwa ameweka nakala ya barua ile, akaipeleka juu kwa njia nyingine. Kwa hiyo bodi ya uchunguzi ingekaa mwezi uliofuata. Mdogo wangu alikuwa bado kwenye mkataba wa kwanza, hajathibitishwa kazini. Bodi ikimwamini, yule mtu angeshtakiwa kijeshi. Isipomwamini, mwenye kosa angekuwa yeye, kosa la kumchafua mkubwa wake, na angerudi Lukozi na begi lake na jina hilo. Aliniambia hayo yote bila kumtaja mtu huyo jina wala cheo, nami sikuuliza. Niliogopa kwamba nikilijua jina litanitoka mbele za watu.

Nilimwambia mama siku ile ile, na mama akamwambia baba. Siri kwetu haidumu hata sufuria moja ya maharage kuiva. Jumapili baada ya ibada tulikaa jikoni wanne, ukungu umeshafika mlangoni, tukabishana kuhusu jeshi mpaka chai ikapoa.

Baba, ambaye ni mzee wa kanisa na hapendi kuharakisha neno, aliuliza swali moja tu kwanza: "Ni koplo?" Mdogo wangu alinyamaza, na baba akakichukua kimya kile kuwa ndiyo. Katika akili ya baba, uovu jeshini huishia kwenye ukoplo.

"Jeshi lina ngazi," alisema. "Ukiruka ngazi unavunjika mguu. Unaanza kwa mkubwa wako, naye anapeleka kwa mkubwa wake."

"Na ngazi ikiwa imeoza, tate?" mdogo wangu aliuliza. Ndivyo tunavyomwita baba nyumbani, kwa Kishambaa.

"Unamwambia mwenye nyumba."

Nikaingilia. Nilisema hiyo ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Wanaomchunguza wanakula naye meza moja, wanapeana lifti, wake zao wako kikundi kimoja. Nilisema aende polisi kama raia mwingine yeyote, apewe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, daktari amwone, na hakimu asiyevaa kombati ndiye aamue. Baba akasema raia hawajui maisha ya kambini. Hakimu atauliza kwa nini ulirudi ghalani mara ya pili, wakati kila askari anajua kwamba ukiitwa unakwenda. Isitoshe, mahakamani watu hujaa mpaka madirishani, na kabla jua halijazama habari iko Mlalo na Mtae. Kambini angalau mambo yanabaki ndani.

"Ndicho ninachokiogopa, tate," nikasema. "Kwamba yanabaki ndani."

Hakukasirika. Alitueleza kwamba wakati wake mwenzake mmoja alisingiziwa na binti aliyepika jikoni kwao, na wakubwa waliichambua kesi asubuhi, mchana mtu akawa safi, hakuna gazeti wala polisi. Jeshi lilimkinga na uongo, alisema. Na mimi nikakiri kwamba neno moja linaweza kummaliza mtu asiye na hatia, maana nimewahi kuona mwalimu akimalizwa hivyo.

"Na yule binti?" mdogo wangu aliuliza.

Baba alichochea kuni. "Alihamishwa."

"Kwenda wapi?"

"Sijui. Hatukuuliza."

Mama akamwuliza mdogo wangu kama kambini anapata chakula cha kutosha. Nikadhani hajafuatilia lolote. Kisha nikaona kwamba anamenya kiazi kilichokwisha kumenywa, kimebaki kidogo kama gololi.

Baba akaamua. Angekwenda kuonana na wakubwa kabla bodi haijakaa. Mdogo wangu akasema, "Msije." Alisema mara mbili. Baba akamjibu kwamba yeye ni mtoto wa jeshi lakini alianza kuwa mtoto wake, na mimi, mpiganaji wa jikoni, nikasema nitamsindikiza.

Sasa lazima nieleze jinsi sisi tunavyopeleka malalamiko kwa mtu mkubwa, kwa sababu hapo ndipo tulipoharibu. Huendi mikono mitupu. Mkono mtupu haulambwi. Unabeba chochote ambacho shamba limetoa. Na safari ya kwanza haibebi shauri. Unafika, unasalimia, unaulizwa habari za mvua na za wazee, unakula kama kuna cha kula, unaaga. Mwenyeji akiwa na akili anajua kwamba hukupanda mlima kuja kuulizwa mvua, naye anakwambia, "Karibu tena." Shauri linatolewa safari ya pili, na kufikia hapo ameshakula cha kwako na anaona aibu kukutupa nje. Nimeona kesi za mipaka, za mimba, hata ya ng'ombe aliyekatwa mkia, zikiisha hivyo bila mtu kupandisha sauti. Anayetoa shauri siku ya kwanza tunamwona kama hakulelewa.

Basi tukajaza kikapu mapeasi ya mti ulio nyuma ya nyumba, tukateremka wiki mbili baada ya mdogo wangu kurudi kazini. Kambi yake iko mbali, tambarare, kwenye joto. Baba alivaa koti lake la kanisani, na kadiri tulivyoshuka ndivyo jasho lilivyozidi, naye akakataa kulivua.

Getini askari wa zamu, kijana mpole, alitusogezea daftari la wageni. Jina, unakotoka, namba ya simu, saa ya kufika, na safu ya mwisho: sababu ya ziara. Baba akanipa kalamu kwa kuwa mwalimu ni mimi. Kalamu ilisimama. Neno la kuandika nililijua. Nikamtazama yule kijana na bunduki yake begani, nikaandika: Kusalimia. Nilijiambia kwamba sijadanganya, kwani safari ya kwanza ni ya kusalimia kweli. Lakini najijua. Hata kama tusingekuwa na desturi yoyote ningeandika vile vile.

Tulipokelewa na ofisa wa makamo, nadhifu, mwenye sauti ya taratibu. Alisimama baba alipoingia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, mzee."

Aliposikia kwamba baba alikuwa mwanajeshi, akaanza kumwita afande, na baba akachanua. Akatuma mtu amwite mdogo wangu ili aone wageni wake. Alisema Lushoto anaisikia tu, baridi yake na matunda yake. Baba akasogeza kikapu. Yule ofisa akachagua peasi moja, akatoa kisu kidogo mfukoni, akaanza kulimenya taratibu, ganda likishuka refu bila kukatika.

Mdogo wangu akaingia, akapiga saluti, akasimama. Hakututazama. Usoni hakukuwa na kitu, kwa hiyo nikamtazama mikono. Alikuwa ameibana mapajani, amekunja ngumi, vidole gumba kavificha ndani, jinsi alivyovificha utotoni kila alipopita karibu na mbwa wa jirani. Nikageuka kumtazama yule aliyekuwa anamenya peasi. Kando ya kikapu kulikuwa na kopo la kalamu, na moja ilikuwa nyekundu. Kalamu nyekundu zipo kila ofisi, hata mimi ninayo. Lakini nilijua.

Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu. Masikio yakaziba, nikawa nasikia kisu tu. Alikata kipande akampa baba kwenye ncha ya kisu, akakata kingine akanipa mimi. Nikakipokea. Nikakila.

"Matamu kweli," alisema. Kisha akamgeukia baba. "Binti yenu yuko mikononi mwetu, mzee. Msiwe na wasiwasi."

Baba akamshukuru, akamwambia kwamba yeye mwenyewe anaonekana amelelewa vizuri. Halafu akainuka akiwa anasubiri lile neno, na yule mtu, mwenye akili zake, akalisema. "Karibuni tena."

Ningeweza kusema pale pale. Mlango ulikuwa wazi na watu walikuwa wanapita nje. Mdogo wangu alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Nikamshukuru yule mtu kwa peasi la mti wetu wenyewe, tukaondoka.

Kwenye basi baba alikuwa na furaha. Alisema mkubwa kama yule hatamwacha koplo amsumbue mtu. Nilitazama dirishani mpaka Mombo. Nilijiambia simwelezi kwa sababu moyo wake ni wa kizee, hautahimili. Ukweli ni kwamba nikimweleza ingebidi tufanye kitu.

Jumapili iliyofuata simu ya baba iliita tukiwa tunatoka kanisani. Namba ngeni. Baba akaweka spika ili wote tusikie.

"Shikamoo, mzee. Nimeona niwasalimu tu. Mapeasi yenu yamekwisha."

Baba akacheka, akamwahidi mengine. Jumapili ya pili akapiga tena, saa ile ile. Alishajua ibada inatoka saa ngapi. Safari hii aliuliza mwalimu hajambo na anafundisha shule gani, na baba akamwambia. Tangu siku hiyo pikipiki ikisimama karibu na darasa langu chaki inaniponyoka. Nikaanza kutia komeo mlango wa darasa mchana kweupe. Watoto wakaniuliza kama kuna mbwa mwenye kichaa, nikawajibu kwamba yupo.

Wiki ya tatu mdogo wangu alipiga kwa simu ya mtu mwingine. Bodi ilikuwa imekaa. Sauti yake haikuwa na kilio, na afadhali ingekuwa nacho.

"Dada, mlikuja kufanya nini?"

Walimsomea daftari la getini. Familia ya mlalamikaji ilifika, sababu ya ziara kusalimia. Ilipokelewa na mtuhumiwa mwenyewe, ikamletea zawadi ya matunda, ikala naye, haikutoa lalamiko lolote, na mpaka leo wanasalimiana kwa simu. Mwenyekiti wa bodi akamwuliza kama kuna baba mzazi anayeweza kula na mtu aliyemharibia mwanawe. Wakampa siku saba kuleta ushahidi mwingine, kama anao, kabla hawajafunga jalada.

"Ulimjua," aliniambia. "Nilikuona ukimjua."

Nikasema ndiyo.

"Na ukala."

Simu ikakatika, au aliikata.

Nilimfuata baba shambani, kwenye matuta ya kabichi, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kuanzia gunia la karoti. Nilipomaliza akauliza, "Yule aliyenipa kipande kwa kisu?" Nikaitikia. Akatoa simu mfukoni, akaizima, akaiweka mbali naye juu ya tuta, kisha akaketi chini kwenye udongo mbichi na suruali yake safi. Nilitaka anigombeze. Alisema tu, "Hatukuuliza," na ilinichukua muda kumkumbuka yule binti wa jikoni wa enzi zake. Nililia pale, naye akaniacha nilie.

Siku iliyofuata niliandika maelezo yangu, kurasa mbili: nani alitupokea, nani alimenya, desturi yetu ikoje, na kwamba kimya chetu hakikuwa ridhaa. Niliandika pia kwamba nilimtambua nikanyamaza kwa woga. Sentensi hiyo niliifuta mara tatu kabla ya kuiacha ibaki. Nakala moja tuliiacha polisi tulipopita Lushoto, nyingine ilikuwa ya bodi. Tulikuwa tumeacha kubishana ni nani mwenye haki ya kuamua, jeshi au raia; tulitaka tu watu wengi zaidi wawe wanajua. Asubuhi ya kuteremka tena kambini mama alitaka atufungie chochote, hata vitunguu, na baba akakataa. Njia nzima hakujua mikono aiweke wapi. Mara magotini, mara mifukoni, mara anashika kiti cha mbele kana kwamba basi linaanguka.

Askari wa getini alikuwa yule yule. Akatusogezea daftari. Kabla ya kuandika nilifunua kurasa za nyuma kuutafuta mwandiko wangu, nikauona, mzuri, wa ubaoni. Kusalimia. Nikasoma mstari wa juu yake na wa chini yake. Mzazi kutoka Singida, kusalimia. Mama na wenzake wawili kutoka Kondoa, kusalimia. Kaka wa askari, kusalimia. Labda walikuja kusalimia kweli. Watu huja kusalimia watoto wao. Lakini nilifunua ukurasa mwingine na mwingine tena, neno lilikuwa hilo hilo, na sikuwa na njia ya kujua ni nani kati yao alikuja kama sisi.

"Andika tu, mama," yule kijana alisema.

Baba akalishika daftari lisisogee. Niliandika: Kushtaki. Herufi zilikwenda ovyo. Mwanafunzi wangu ningemrudisha akaandike upya. Kijana akaligeuza daftari upande wake, akasoma, akasoma tena. Akanyanyua simu ya mezani.

"Afande," alisema, "wale wa mapeasi wamerudi." Akasikiliza kidogo. Akatutazama mikono, yangu kwanza, kisha ya baba. "Hapana, afande. Leo hawajabeba kitu."

Akaweka simu chini, akatuonyesha benchi la ndani tusubiri pale, kisha akalifunga geti nyuma yetu.